Tatizo si Wikipedia peke yake

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, kama wanafunzi wa sekondari na vyuo wapigwe marufuku kutumia Wikipedia katika kazi zao, limenigusa kuliko nilivyotarajia, maana nimelisikia tangu nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, na kila mara huulizwa kana kwamba tovuti nyingine zote ni safi. Jibu langu la haraka ni hapana. Hata hivyo, lipo jambo ambalo hamkuliuliza na ambalo naona linapaswa kutangulia: mwanafunzi anayekatazwa Wikipedia atajuaje ni tovuti ipi aiamini badala yake?

Mafundisho tuliyopewa sisi yalikuwa mafupi. Tuliambiwa tuangalie kama kuna alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti, kama anwani inaishia na .org, na kama ukurasa umepangwa vizuri. Kufuli lile linaonyesha tu kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hayasomwi na mtu wa kando. Tapeli naye hulipata bila shida, na kwa kuwa watu walilichukulia kama cheti cha uaminifu, Google waliiondoa alama hiyo kwenye kivinjari chao cha Chrome mwaka 2023. Anwani ya .org huuzwa kwa yeyote anayelipa. Ya .go.tz ni habari nyingine, kwa kuwa ni ya taasisi za serikali, na msimu wa matokeo ya kidato cha nne ujuzi huo peke yake ungewaepusha vijana wengi na blogu zinazojidai kuwa nayo kabla ya Baraza la Mitihani lenyewe.

Kuchambua tovuti kwa maana halisi nilikuona kwa mara ya kwanza maktabani. Mhadhiri wetu alikuwa ametupa kazi ya kikundi kuhusu Vita vya Majimaji, na kipengele kimoja kilitaka tueleze ni watu wangapi walipoteza maisha katika vita hivyo vya 1905 hadi 1907. Mwenzetu mmoja, kijana hodari wa kutafuta mambo mtandaoni, alikuja na kurasa tatu alizozichapisha kwenye karatasi, kila moja kutoka tovuti yake, na zote zikitaja watu 250,000. Kikundi kiliridhika, kwani tovuti tatu zilikuwa zimesema jambo moja. Mkutubi wa zamu, mama wa makamo ambaye bila shaka alikuwa ametuchoka kwa kelele zetu, alizichukua zile karatasi, akazipanga mezani sambamba, akatoa penseli iliyokuwa nyuma ya sikio lake na kuanza kuzisoma mstari kwa mstari bila kusema neno. Katikati ya karatasi ya kwanza alichora duara: nchi ya Wangoni ilikuwa imeandikwa "Ugoni" badala ya Ungoni. Akahamia ya pili, akachora duara. Ya tatu, vilevile. Sisi tuliangua kicheko, kwa sababu ambayo haihitaji kuelezwa kwa msomaji wa Kiswahili, lakini yeye hakucheka. "Wanangu," alisema, "hapa hamna mashahidi watatu. Aliyeandika ni mmoja, na waliobaki wamenakili hata pasipo kusoma wanachonakili."

Kisha alikwenda rafuni na kurudi na kitabu kilichoonyesha kwamba serikali ya Wajerumani ilikadiria vifo 75,000, ilhali Gilbert Gwassa, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyofuata baada ya majeshi ya mkoloni kuchoma vijiji na vyakula. Kwa hiyo namba ile ya mtandaoni haikuwa ya uongo, na hilo ndilo lililonikaa kichwani kuliko yote. Ilikuwa na mwenyewe, mtu aliyeifanyia kazi, na ilikuwa na namba nyingine inayopingana nayo iliyotolewa na watu wenye sababu ya kupunguza hesabu. Zile kurasa tatu zilikuwa zimemfuta mwenye namba na kuuficha ubishi wote. Mwanafunzi angeweza kuwa sahihi bila kuwa na njia yoyote ya kujua kwamba yuko sahihi.

Miaka baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa mwaka 2017, uliowalinganisha wanahistoria wenye shahada za uzamivu, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa taarifa wa vyombo vya habari. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya tovuti wakiichunguza kwa makini, na mara nyingi walidanganyika. Wahakiki waliiacha mapema na kwenda kutafuta wengine wanasema nini juu yake. Kuusoma ukurasa wa "Kuhusu Sisi" ili kujua kama tovuti ni ya kweli ni sawa na kumuuliza muuza samaki kama samaki wake wameoza. Lakini kufungua kurasa tano ili kuhakiki mmoja kunakula bando, na mwanafunzi wetu anayenunua bando la siku atasoma ukurasa wa kwanza uliofunguka. Wanaowalaumu kwa uvivu wangelikumbuka hilo.

Nilikusudia kuishia hapo, nikiitetea Wikipedia kwa kuwa angalau ina tanbihi za kufuatilia na historia ya mabadiliko iliyo wazi kwa kila mtu, wakati tovuti nyingi zinazonakili kutoka kwake huviacha vyote viwili. Ila nimekumbuka Middlebury College, huko huko Marekani, ambako mwaka 2007 idara ya historia ilikataza Wikipedia kutajwa kama chanzo, baada ya wanafunzi kadhaa kuandika kosa lilelile kuhusu Wajesuiti, watawa wa shirika moja la Kikatoliki, na uasi wa Shimabara wa Japani. Lilikuwa kosa la "Ugoni" kwa sura nyingine. Idara haikukataza kuisoma, na tofauti hiyo inanilazimu nilegeze msimamo wangu, kwa sababu kama nasi tungekatazwa kutaja ukurasa wowote wa mtandaoni usio na chanzo, tungekwenda rafuni wenyewe bila kusubiri penseli ya mkutubi.

Basi naunga mkono marufuku ya kuitaja kama chanzo, si ya kuisoma, na kwa vyuo tu, pale ambapo maktaba ina vitabu na mkutubi ana muda. Kwa shule ya kata ambayo maktaba yake ni kabati la vitabu vya kiada lililofungwa na funguo anazo mkuu wa shule, jibu langu linabaki hapana, angalau mpaka kabati hilo lifunguliwe.

Msomaji wenu, Morogoro