Gawaneni Mzigo Kabla Safari Haijawagawa

Familia nyingi za kwetu zinazolea watoto Ulaya zina mtu mmoja anayebeba kila kitu, na mara nyingi mtu huyo ni mama. Pasipoti zote ziko kwenye mkoba wake, tiketi ziko kwenye simu yake, na yeye ndiye anayejua mtoto yupi haruhusiwi karanga, kadi za bima zimewekwa wapi na ufunguo wa akiba uko kwa jirani yupi. Siku za kawaida mambo yanakwenda, na watu wanamsifu kwamba anajua kupanga. Shida huja safarini, siku treni inapochelewa, mtoto anapopandisha homa au mnapopotezana wenyewe kwa wenyewe. Ushauri wangu kwa wazazi wenzangu, baada ya miaka ya kulea watoto watatu hapa Dortmund, ni mmoja tu: gawaneni. Karatasi, pesa, chakula, chaja na taarifa zigawanywe, ili nusu yoyote ya familia ikibaki peke yake iweze kufika nyumbani salama.

Mimi nimekulia Muheza. Kule basi la kwenda Korogwe likiharibika njiani, huna haja ya kutangaza shida yako. Mama wa kiti cha nyuma anampakata mwanao bila kukuuliza, konda anakwenda kutafuta maji, na jua halijazama mtu ameshampigia shemeji yake mwenye Noah aje kuwachukua. Hapa Ujerumani watu ni wema pia, nalisema hili kwa moyo mweupe, ila wema wao unasubiri kuombwa. Mtu atakuona unahangaika na kigari cha mtoto kwenye ngazi, naye atapita pembeni kwa kuona haya kuingilia mambo yako. Mwambie "naomba unisaidie" uone anavyoshika upande wa mbele papo hapo. Kwa hiyo kuomba msaada ni jambo la kuwafundisha watoto mapema sana, na waombe kwa maneno kamili: sisi ni nani, tumepatwa na nini, tunahitaji nini.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza. Tulikwenda Berlin familia nzima, ubalozini, kushughulikia pasipoti za watoto. Kurudi tulikuwa na viti tulivyolipia kwenye treni ya mwendo kasi. Sasa, treni za njia hii mara nyingi ni mbili zilizoungwa. Zinatoka Berlin kama treni moja, zinapita Hannover na Bielefeld, na zikifika Hamm zinaachanishwa. Moja inaelekea Dortmund, Essen na Düsseldorf, nyingine inapita Hagen na Wuppertal kwenda Köln. Kati ya hizo mbili hakuna mlango wa kupita. Aliye kwenye moja hawezi kumfikia aliye kwenye nyingine mpaka treni isimame stesheni.

Dakika chache kabla treni haijaingia, likatoka tangazo kwamba mpangilio wa mabehewa umegeuzwa, yaliyopaswa kuwa mbele yako nyuma. Watu wakaanza kukimbia, wengine kulia, wengine kushoto. Mume wangu akashika sanduku kubwa na mkono wa kijana wetu, wakawahi kwenda kutafuta behewa letu. Mimi nilikuwa na mdogo kwenye kigari, na binti yetu wa miaka minane ameshika mpini wake. Milango ilipoanza kulia, mfanyakazi mmoja wa treni akatuonyesha mlango wa karibu, tuingie hapo hapo, tutasogea kwa ndani. Tukaingia. Ilikuwa ile treni nyingine.

Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye korido. Tulipopita Bielefeld ndipo likatoka tangazo kwamba sisi tunakwenda Köln. Nikajiandaa kushuka Hamm tuhamie, lakini masanduku ya abiria yalikuwa yameziba njia, kigari hakipiti, na tulipofika mlangoni treni ilikuwa imeshaanza kutembea.

Hebu tazama mzigo wetu ulivyokaa wakati ule. Pampasi, maziwa ya mtoto na chaja vilikuwa kwenye sanduku, na sanduku liko na baba. Tiketi zote ziko kwenye simu yake, na vyeti halisi vya kuzaliwa vya watoto pia viko naye. Upande wangu nilikuwa na funguo za nyumba pamoja na inhela ya pumu ya kijana wetu, ambaye yuko treni nyingine. Simu yangu ikazima tukiwa bado hatujafika Hagen.

Aliyetutoa pale ni binti yetu. Darasa la kwanza shuleni kwao walifundishwa kukariri anwani ya nyumbani na namba ya simu ya mzazi, na yeye alikuwa amekariri ya baba yake. Bila kuniuliza, akamgeukia bibi mmoja mzee aliyekaa mbele yetu, akamwambia kwa Kijerumani kilichonyooka: tumetengana na baba, simu ya mama imezima, tunaomba kupiga simu moja. Yule bibi akatoa simu, mtoto akabonyeza namba kwa kidole kimoja, taratibu, huku akizitamka. Baba yake akapokea. Tukakubaliana sisi tushuke Hagen tupande treni ya mkoa, yeye atusubiri Dortmund chini ya ubao mkubwa wa ratiba. Mama mwingine, aliyeona mdogo anavyolia, alitoa pampasi kwenye begi lake nilipomwomba. Tulipokutana, kijana alikuwa ameanza kubana kifua, akavuta dawa yake pale pale stesheni, watu wakitupita huku na huku.

Tangu siku ile hakuna anayetoka kwenye nyumba yetu na sanduku la pamoja peke yake. Kila mtoto anayetembea ana begi lake dogo mgongoni, lina maji, kitu cha kula, fulana ya kubadilisha, na dawa yake kama ana dawa. Maandazi yanavumilia safari kuliko chakula kingine chochote ninachokijua. Ndani ya begi kuna karatasi iliyowekwa kwenye nailoni, ina namba zetu wote wawili na namba ya rafiki mmoja wa familia asiyesafiri nasi. Namba yangu na ya baba yao wanaikariri. Tiketi ziko kwenye simu zote mbili na zimechapishwa. Inhela ni mbili.

Na kuna kanuni ya kupotezana, ambayo tunaikumbushana kila tunapofunga mlango. Mtoto aliyebaki stesheni asiondoke alipo, mzazi ndiye atakayerudi. Aliyechukuliwa na treni ashuke kituo kinachofuata, asimame na mfanyakazi mwenye sare, atusubiri pale pale. Wafundisheni pia 112, namba ya dharura. Namba hiyo ni bure na inafanya kazi nchi zote za Umoja wa Ulaya, hata mkiwa likizo Ureno au Ugiriki. Ipo na nyingine, 116000, ya watoto waliopotea, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya. Wazazi wengi wa kwetu hawajawahi kuisikia.

Kwenye karatasi za serikali, kuna jambo linalotugusa sisi kuliko wengine. Watoto wetu wanabeba jina la baba au la babu, na mama anabaki na jina la baba yake mzazi. Mpakani, ofisa anaona mwanamke anayeitwa hivi akiwa na watoto wanaoitwa vile, naye ana wajibu wa kuuliza. Usimkasirikie, swali lile linazuia watoto kuibwa. Mzazi akisafiri peke yake na watoto, abebe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Ujerumani ofisi ya vizazi hutoa cha lugha nyingi ukiomba, nacho hakihitaji mkalimani. Abebe pia barua ya idhini ya mzazi mwenzake, yenye tarehe za safari, saini na nakala ya pasipoti ya aliyesaini. Ofisa akitaka kuzungumza na mtoto, mwacheni mtoto ajibu mwenyewe.

Kadi ya ukaazi ya Ujerumani inawafikisha Paris, Amsterdam au Roma kwa matembezi yasiyozidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Haiwafikishi London wala Dublin. Nimewaona watu waliokwenda kwenye harusi Uingereza wakirudishwa kaunta na watoto wamevaa nguo za sherehe. Mwenye pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Uingereza hata kama ameishi Ulaya miaka 20. Na kama kadi yako inasubiri kutengenezwa upya na umepewa karatasi ya muda, ile Fiktionsbescheinigung, soma kisanduku kilichotiwa alama kabla hujalipia nauli ya Dar. Kifungu cha 81 cha sheria ya ukaazi, aya ya 4, kinakuruhusu kutoka na kurudi. Aya ya 3 haikuruhusu kurudi nayo. Tofauti ni alama moja ndogo ya kalamu, na kila mtoto ana karatasi yake, kwa hiyo zisome zote.

Mkichelewa, dai haki yenu, maana ni pesa halali. Kwa ndege zinazotoka Umoja wa Ulaya, kufika mmechelewa saa 3 au zaidi kunaweza kuwapa euro 250 hadi 600 kila mmoja kulingana na umbali, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika, kama dhoruba. Mtoto aliyelipiwa tiketi yake anahesabiwa sawa na mtu mzima. Mkitokea Dar kuja Ulaya, sheria hiyo inawalinda mkipanda shirika la Ulaya tu. Treni iliyochelewa saa 1 inarudisha asilimia 25 ya nauli, saa 2 asilimia 50. Tunzeni tiketi.

Shule nayo iheshimiwe. Nauli ya Julai na Desemba inaumiza, najua, na kishawishi cha kuondoka siku tatu kabla shule hazijafungwa ni kikubwa. Lakini Ujerumani mahudhurio ni sheria, na faini ipo. Mwaka 2018 polisi katika uwanja wa ndege wa Memmingen, Bavaria, walizikuta familia kadhaa zikisafiri kabla ya likizo na wakazitolea taarifa. Mwombeni mwalimu mkuu kwa maandishi. Msiba wa babu ni sababu inayoeleweka, tiketi ya bei nafuu siyo.

Nimeliacha mwisho lile ninaloliogopa kuliko yote, nalo ni homa baada ya kurudi kutoka nyumbani.

Watoto waliozaliwa huku hawana kinga ya malaria. Hata sisi wazazi, ile kinga kidogo tuliyoipata utotoni inapungua tukikaa nje miaka mingi, ingawa tunajiona wenyeji. Bibi kule Muheza atasema mtoto ana joto la meno, atasema ninyi mlikua hivi hivi, na anasema kwa upendo. Mheshimuni bibi, na mtoto mpeleke kupimwa siku hiyo hiyo. Kabla ya safari muone daktari wa watoto awape dawa ya kuzuia malaria kwa dozi ya uzito wa kila mtoto, muimalize kama mlivyoelekezwa hata baada ya kurudi. Chandarua kilichotiwa dawa kiwe kimetundikwa kabla hamjafika. Shangazi yao akikisahau, kinunueni njiani.

Sisi tulikuwa tumeshafungua masanduku, tumeshasahau. Watoto wamerudi shule, ni baridi, darasa zima linapiga chafya. Usiku mmoja nikiwa zamu kazini, kijana wetu akapanda joto na kutetemeka. Baba yake akampeleka hospitali ya watoto. Pale mapokezi watoto wote walikuwa na homa, na wetu angeweza kupangwa na wale wa mafua akarudishwa na dawa ya kushusha joto. Lakini mume wangu alijua la kusema, na alilisema kabla hata ya kutoa kadi ya bima: "Mtoto huyu ametoka Tanzania wiki tatu zilizopita, tunaomba apimwe malaria sasa." Damu ikachukuliwa usiku ule ule. Ilikuwa malaria, ya aina ya falciparum, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi kwetu, na ambayo inaweza kumzidi mtoto kwa muda mfupi sana. Alilazwa, akatibiwa, akapona.

Kama maneno yale ningekuwa nayajua mimi peke yangu, yangekuwa nami kazini usiku ule. Kwa hiyo yaandikeni kwa lugha ya nchi mnayoishi, muyabandike kwenye friji pamoja na tarehe mliyotua, jirani anayekaa na watoto aoneshwe, na watoto wakubwa wayajue. Dalili nyingi hutokea ndani ya mwezi mmoja, lakini endeleeni kuwa macho miezi mitatu na zaidi, hata kama dawa zote mlimeza. Kwa ushauri wa daktari usiku au wikiendi Ujerumani piga 116117. Mtoto akilegea, akidegedeka au akishindwa kuamka vizuri, piga 112. Na kipimo cha kwanza kikitoka safi ilhali homa inaendelea, usikubali kuishia hapo. Rudini kesho yake muombe kingine.