Kifaranga wa bata amekwama kwenye yai? Shika penseli kabla ya kibano

Kama sasa hivi una yai la bata ndani ya mashine ya kuangulia, limetoboka tangu jana jioni, unasikia kifaranga analia humo ndani lakini hatoki, na wewe mkono unakuwasha kumtoa, tafadhali usimguse bado. Chukua penseli, andika kwenye ganda saa uliyoona kile kitobo, funga mashine, halafu rudi usome hii.

Mimi nafuga bata huku Tororo, Uganda, hawa bata wetu wa kawaida wenye nyama nyekundu usoni, wale hawapigi kelele, ukiwakaribia wanahema tu kama mtu amechoka. Kwa miaka mingi bata mwenyewe ndiye alikuwa anaatamia na sikuhitaji kujua chochote, maana huyu bata ni mlezi mzuri kweli, anakaa juu ya mayai siku 35, anatoka kidogo kula na kuoga, akirudi tumbo limelowa na yale maji ndiyo yanayoyapa mayai unyevu. Sasa usiku mmoja mbwa waliingia wakaua bata wangu wawili waliokuwa wameatamia. Alfajiri nikakuta mayai bado yana uvuguvugu, nikayafunga kwenye kitenge nikakimbia nayo kwa mama jirani aliyekuwa na inkubeta ya kuangulia kuku, akaniambia, "Weka mwanangu, tutaona Mungu atafanya nini."

Mayai mengi yalifika mwisho. Na hapo mwisho ndipo nilipoharibu. Nilisaidia vifaranga sita na watano wakafa. Nilikuwa naona yai limetoboka asubuhi, ikifika jioni hajatoka naanza kumenya ganda vile unamenya yai la kuchemsha, damu inatoka, nafuta na pamba, naendelea, kifaranga anatoka na kiini chote kinaning'inia kwenye kitovu, baada ya saa moja amekufa. Nilikuwa nadhani wamekufa kwa sababu ni dhaifu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hawakuwa dhaifu, walikuwa tu hawajamaliza.

Sikiliza kinachotokea humo ndani. Siku mbili tatu za mwisho kifaranga anapasua utando wa ndani kwa mdomo na kuingiza pua kwenye ule mfuko wa hewa ulio upande mnene wa yai. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuvuta hewa kwa mapafu. Ukimulika na tochi unaona kivuli cha mdomo kinachezacheza na ukiweka sikio unasikia kama mtu anagonga mlango kwa ukucha. Hewa ya humo ikianza kuchafuka misuli ya shingo inamshtuka shtuka, na kwa lile jino dogo lililo juu ya mdomo anagonga ganda mpaka linapata ufa. Watu wengi wanaona ufa wanafikiri kazi imeisha, kumbe ndiyo inaanza. Hapo anapumzika. Ananyonya damu yote iliyoko kwenye mishipa ya utando irudi mwilini mwake, na anavuta kiini kiingie tumboni kupitia kitovu. Kwa kuku hii inaenda haraka, lakini kwa bata kutoka ufa wa kwanza mpaka atoke ni saa 24 mpaka 48, na hawa bata wetu wakati mwingine wanavuta zaidi. Kwa hiyo ukimtoa baada ya saa kumi tu tangu ufa unamkata damu yake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema penseli. Mimi siku hizi kila yai lina maandishi, "J4 saa 2 usk" yaani Jumanne saa mbili usiku, hata nikiamka usiku wa manane nimechanganyikiwa na huruma, ganda linaniambia ukweli. Kama hazijapita saa 24 tangu ufa, simgusi hata akilia vipi. Kulia ni vizuri, kunyamaza kabisa ndiko kunanitia wasiwasi. Zikipita 24 naangalia tu kwa tochi. Zikifika 36 na ufa uko vilevile, haujazunguka, ndio naosha mikono na kutoa vifaa.

Vifaa vyenyewe ni vichache, kibano kidogo cha nyusi kilichochemshwa, vijiti vya pamba vile vya masikio, maji ya uvuguvugu, mafuta ya nazi kidogo, tochi ya simu na taulo dogo lililopashwa moto. Nafanyia kwenye chumba kisicho na upepo na natoa yai moja tu, haraka. Hii ya moja tu nisisitize, kwa sababu kila ukifungua mashine unyevu wote unatoroka na yale mengine yaliyotoboka utando wake unakauka unabana vifaranga kama karatasi iliyogandishwa na gundi, sasa ulikuwa unaokoa mmoja umekwamisha wanne.

Anza kwenye ufa, bandua ganda vipande vidogo kama kucha, lakini baki juu ya ule mfuko wa hewa tu, usishuke. Utaona utando mweupe. Pitisha kijiti chenye mafuta au maji juu yake, ukilowa unakuwa kama kioo na hapo ndipo jibu lako lipo. Ukiona mishipa myekundu imetambaa, acha. Usijiambie nitaenda taratibu, hapana, acha, paka mafuta tena, rudisha yai, andika saa nyingine kwenye ganda, njoo baada ya saa nne au sita. Ukiona mishipa imefifia, imebaki kama mistari ya kijivu au hakuna kitu, unaweza kuendelea kidogo. Damu ikitoka hata tone moja, bonyeza na pamba safi taratibu mpaka ikome, rudisha kwenye mashine, kazi ya siku hiyo imeisha. Angalia pia mdomo wake, kama anafanya kama anatafuna, anafungua na kufunga bila kulia, mara nyingi huyo bado anavuta kiini. Mpe muda.

Mishipa ikishakauka kabisa mimi natoa kichwa na shingo tu, nasafisha pua isizibwe na ule ute, halafu sehemu ya chini ya ganda naiacha amevaa kama suruali, namlaza kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mashine. Mengine afanye mwenyewe. Atapiga miguu, atalala, atapiga tena, inaweza kuchukua usiku mzima, na kule kupiga miguu ndiko kunampa nguvu na kunamaliza kile kilichobaki kwenye kitovu. Usimvute. Akitoka na kiuzi kimemuunganisha na ganda usikikate na usikivute, kitakauka kitakatika chenyewe. Kitovu kikiwa bado kibichi nagusisha ayodini kidogo kwa ncha ya pamba basi.

Kuna wale ambao hawajatoboa ganda kabisa lakini unasikia wanagonga ndani. Hao kama saa 24 hadi 36 zimepita tangu nione mdomo umeingia kwenye mfuko wa hewa, nafanya kitobo kidogo juu kabisa ya upande mnene, nazungusha ncha ya msumari safi taratibu mpaka ganda lipenye, kitobo cha kupitisha hewa tu. Na kuna wanaotoboa upande wa chini, ule mwembamba, kwa sababu wamekaa vibaya ndani. Hao ndio wanaohitaji mtu kweli, kwa sababu huko hakuna mfuko wa hewa na hawana nafasi ya kuzungusha kichwa, lakini hata wao saa ni zilezile, hakikisha tu ufa uko wazi na pua haijazibwa na ute, halafu subiri mishipa.

Sasa nije kwenye neno ambalo linaniuma. Wafugaji wengi wataniambia kifaranga aliyeshindwa kutoka mwache afe, damu dhaifu hiyo. Naelewa wanachosema na wapo kweli wanaozaliwa na kasoro, mdomo umepinda, tumbo halijafunga, huyo hata ukimtoa anateseka tu. Lakini wengi niliowakuta wamekwama hawakuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa la mashine yangu na mikono yangu. Inkubeta nyingi tunazonunua huku themomita yake inakosea, ya kwangu ya kwanza ilisoma nyuzi 37.5 na ukiweka themomita ya hospitali ndani unakuta iko juu ya 38, na joto la juu linatoa vifaranga mapema na wachovu. Kwenye unyevu ndiyo usiseme. Mimi naweka asilimia 55 hivi kwa siku za mwanzo, kuanzia siku ya kumi nafungua dakika kumi au kumi na tano kila siku yapoe kidogo na kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu kama mama yao akirudi kutoka kuoga, siku ya 31 au 32 naacha kuyageuza na kupandisha unyevu mpaka 70 na kitu. Wenye bata weupe wale wa siku 28 wanaacha kuyageuza siku ya 25. Ukitaka uhakika pima yai kwenye mzani wa jikoni, la gramu 80 mpaka linakaribia kutoboka liwe limepungua gramu kumi au kumi na moja. Likipungua kidogo sana kifaranga anajaa maji anashindwa kujigeuza, likipungua mno utando unambana. Sasa mimi nimemkausha mwenyewe, halafu nimwite dhaifu nimwache afe? Siwezi.

Umeme ukikatika usiku wa kuangua, na utakatika, usiingize sigiri ya mkaa ndani ya chumba ulichofunga madirisha. Ule moshi usioonekana unaua vifaranga na unaua watu. Jaza chupa au kajerikeni maji ya moto, funga na nguo, weka ndani pembeni ya mayai, funika mashine na blanketi ukiacha tundu za hewa. Mayai yanavumilia baridi ya saa chache kuliko yanavyovumilia joto la kupita kiasi, kwa hiyo usichemshe kwa woga.

Aliyesaidiwa akishatoka muache kwenye mashine mpaka manyoya yakauke na kufunguka. Hana haraka ya kula, kile kiini alichoingiza tumboni kinamtosha siku nzima na zaidi. Kwenye bruda, yaani boksi lenye joto la kulelea vifaranga, naanza na joto la nyuzi 32 hivi na kupunguza kila wiki. Chini usiweke gazeti, linateleza na miguu inapanuka pembeni kama ya chura, weka taulo kuukuu au gunia. Ikishapanuka funga miguu yote miwili na kipande cha plasta laini, ukiacha nafasi kama alivyosimama kawaida, siku mbili tatu inarudi, lakini ukichelewa wiki haitarudi vizuri. Bata wanahitaji vitamini B3 kuliko vifaranga wa kuku, na chakula cha kuku mara nyingi hakitoshi, kwa hiyo mimi nasaga mukene, wale dagaa wakavu, vizuri nachanganya, au nawapa maji yenye vitamini B kutoka duka la dawa za mifugo, na kwa wale waliosaidiwa sikosi hata siku moja kwa wiki mbili za kwanza.

Maji yawe na kina cha kuzamisha mdomo mpaka puani, maana bata asiposafisha pua zinaziba, lakini tia mawe kwenye sahani asiingie mwili mzima. Huyu hajapakwa mafuta ya mama yake, akilowa anapoa na kufa hata kama jua linawaka. Yule mmoja aliyebaki kati ya wale sita wa kwanza nilimkuta siku ya pili amelala kwenye sahani ya maji, baridi kama jiwe, nikamuweka kifuani ndani ya nguo zangu nikakaa naye hivyo mpaka saa nne asubuhi, ndipo akaanza kunigongagonga na mdomo.