Muulize Shangazi: Paneli iliniuliza nitazaa lini

Shangazi shikamoo. Mi ni daktari, nina miaka 29, nipo Lindi kwenye hospitali moja ya binafsi naomba nisiitaje. Juzi hospitali ilitangaza nafasi moja ya kusomeshwa ubingwa wa upasuaji, tukaomba wawili, mimi na kaka mmoja tulioanza nae kazi mwezi mmoja. Kwenye intavyuu yeye kaulizwa amefanya henia ngapi. Mi nikaulizwa nimeolewa, nitazaa lini, na nikiitwa saa nane usiku mtoto nitamwachia nani. Daftari langu la tieta, yaani chumba cha upasuaji, ninaloandikia kila operesheni niliyofanya, lilikuwa pale pale mezani, hakuna hata aliyelifungua. Nafasi kapewa yeye, mi nikaambiwa nikasomee magonjwa ya watoto ndo kunafaa akina mama. Tieta kwenyewe glavu zote ni namba saba na nusu, mi navaa sita na nusu, nyuzi nazishika kama nimevaa soksi. Niachane na kisu?
Daktari wa Lindi

Marahaba mwanangu. Hiyo saa nane usiku imenichekesha kabla ya kunikasirisha. Kwani sasa hivi ukiwa zamu, mama analetwa kutoka Kilwa uchungu umekwama siku nzima, huwa wanakuuliza kwanza mtoto yuko na nani? Unaitwa unaenda unapasua. Na watoto je, wanaumwa mchana tu?

Huyo kaka sina ugomvi nae, huenda anajua kazi. Ila paneli haijui nani anajua zaidi maana mmoja kapimwa kwa henia mwingine kwa kizazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito au hali ya ndoa, na mafunzo kazini yamo humo humo. Hiyo likizo ya uzazi wanayoiogopa ni siku 84, ubingwa ni miaka, hebu piga hesabu. Afu mwaka 2017 kule Ontario, Kanada, walifuatilia wagonjwa zaidi ya laki moja, waliopasuliwa na wanawake wakafa wachache kidogo ndani ya siku 30. Kidogo, sitii chumvi.

Cha kufanya: leo hii andika maswali yote uliyoulizwa, tarehe, na nani aliuliza. Peleka barua kwa mwajiri uombe sababu kwa maandishi. Wakikaa kimya ipo CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila siku ni 60 tu, usisubiri msimu wa korosho upite. Najua mji mdogo, kesho mtakutana tieta hao hao, kwa hiyo kushtaki ni uamuzi wako mi sikusukumi.

Kisu usiache. Mbali na vyuo kuna COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa ukanda huu tangu 1999, unafundishwa ukiwa kazini kwenye hospitali waliyoikubali, miaka miwili unapata ngazi ya kwanza wanayoiita uanachama, ukiendelea mpaka ubingwa inatimia mitano. Wana na kundi la wanawake wapasuaji, WiSA, watafute.

Na glavu omba kwa barua, sita na nusu, boksi sio pea mbili. Maana kaka akishaondoka kwenda kusoma, saa nane usiku hapo watampigia nani kama sio wewe?