Geuza kwanza, bei baadaye: maswali yenu ya vitu vya sekendi

Haya wapenzi, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote ni za vitu vya sekendi, nadhani watu wanahamahama na mifuko imekauka, basi nimechagua nne na nusu. Ile nusu mtaiona mwisho. Wale mlioniuliza mambo ya harusi ngojeni toleo lijalo, siwakimbii.

Asalam aleykum Somo. Mie nimeolewa juzi tu, twakaa chumba na sebule huku Mishomoroni. Mume wangu alinunua kabati la nguo kwa mtu anayehama, 3,500, zito hilo mpaka lilibebwa na wanaume wanne, tukasema leo tumeokota dodo. Sasa kila asubuhi nikifagia naona unga chini ya mguu wa nyuma, laini kama unga wa ngano, nafagia, kesho upo tena. Mama mkwe asema tulichome moto kabla halijaambukiza kitanda. Ni kweli? – Mke mpya, Mishomoroni

Waaleykum salaam mke mpya, na hongera. Mwambie mama mkwe kwa adabu zote aweke kiberiti chini kidogo, lakini pia usimpuuze maana hofu yake si ya bure, hao wadudu kweli huhama.

Kwanza tujue ni nani anakula. Mchwa wa ardhini utamjua kwa udongo, anajenga vinjia vya matope ukutani mpaka afike kwenye mbao. Ukiona chembechembe ngumu kama mchanga mnene, huyo ni mchwa wa mbao kavu, yeye haji na udongo. Unga laini kama wa kwako ni wale wadudu watobozi, na ukiangalia vizuri utaona vitundu vidogo vya duara kama vilivyochomwa na sindano ya gunia. Funza wake ndiye anayekula huko ndani, anakaa miezi na wengine miaka, ile tundu unayoiona ni mlango aliotokea akishakuwa mkubwa. Yaani ukiona tundu, mmoja ashaondoka, swali ni wangapi wamebaki. Na kwako unga ni wa kila siku, kwa hivyo wapo.

Sasa toeni nguo zote, mumeo aite yule mwenziwe mmoja wapo wa wale wanne, walilaze kabati chali kisha waligeuze uangalie chini na nyuma. Chukua bisibisi ubonyeze kila mguu na kila kona. Ikigonga ngumu, shukuru. Ikizama kama kisu kwenye keki, hapo mbao ishabunguliwa na hakuna dawa ya kuirudisha, lakini kama ni mguu mmoja tu fundi anaukata na kuunga mwingine, ni kazi ya nusu siku. Na kabati zito hivyo nina tamaa kwamba ni mbao kamili. Utakuta mara nyingi wadudu hawa wamekula ile sehemu nyeupe ya pembeni ya gogo na kuiwacha ile nyeusi ya moyo, kwa sababu ya moyo ni chungu na ngumu kwao.

Dawa iko hadiwea, waambie unataka ya wadudu wa mbao, soma maandishi ya kwenye mkebe kabla ya kufungua. Nunua sindano ya plastiki kwa duka la dawa, vaa glavu, fanyia kazi nje barazani si ndani mnakolala, piga dawa tundu moja moja mpaka ifurike, kisha ziba na nta ya mshumaa. Wengine watakwambia mafuta taa. Mie sipendi, yanaua yule yaliyemgusa tu, na nyinyi mwapika humo humo, halafu nguo zitanuka mpaka Idi. Baada ya hapo lile ambalo watu wengi hulisahau: mgongo wa kabati na chini yake, ambapo fundi hakupaka kitu kwa kuwa hapaonekani, ndipo mdudu anapotaga, anataka mbao tupu isiyopakwa. Pigeni msasa, pakeni vanishi huko nyuma pia. Kisha weka karatasi nyeusi ya nailoni chini ya ule mguu. Karatasi ikiwa safi baada ya wiki tatu nne, ni dalili njema, lakini endelea kuchungulia, funza hana haraka. Ikiwa na unga, rudieni, kwa sababu mara ya kwanza mayai hunusurika.

Na ngoja mwezi wa 4 na wa 5 upite ndio upake vanishi, hii Mombasa yetu masika ikiingia hewa inakuwa maji matupu, vanishi haikauki, inapauka nyeupe kama imemwagiwa maziwa.

Naandika haya nikijicheka maana mie mwenyewe niliwahi kununua kabati linang'aa, vioo, vishikio vya dhahabu, nikalipenda kwa macho, sikuligeuza. Kumbe ni zile za mabaki ya mbao yaliyoshindiliwa na gundi. Njiani kwa mkokoteni mvua ikatupata, nayo ilikuwa mvua ya dakika kumi tu wallahi, nilipofika Tudor miguu ishavimba kama andazi, milango haifungi. Hamali akaniangalia, akasema, mama hii si kabati, hii ni uji. Hakuna fundi duniani wa kuirudisha ile. Tangu siku hiyo mie sisemi na mwenye mali neno la bei kabla sijaona tumbo la kitu.

Mamangu salama? Mi ni kijana, bedsita tupu, nina godoro na stuli moja. Kuna jamaa anauza kochi la watu watatu 4,000, safi kwa macho, lakini dadangu ananitisha na mambo ya kunguni. Nikiliwacha wiki tatu kwa balkoni si watakufa njaa? – Bachela, Bamburi

Salama mwanangu. Wiki tatu kwa kunguni ni likizo. Mkubwa anaweza kukaa miezi bila kuonja damu, anakungoja tu, hana haraka, hana kodi ya nyumba.

Nenda mchana, si usiku. Beba tochi ya simu na kadi ya benki iliyokwisha muda. Pitisha kadi kwenye mishono yote polepole, hasa pale mkono wa kochi unapokutana na kalio. Halafu mwambie mwenyewe akusaidie kugeuza, na akikataa kugeuza mwanangu we aga uende zako, ushajibiwa. Chini kuna kitambaa cheusi chepesi kimepigwa stepla, fungua kona moja utazame, hapo ndipo ikulu yao. Unatafuta madoa meusi kama ya ncha ya biro, maganda waliyojivua ya rangi ya chai ya rangi, na mayai meupe madogo kama punje za chumvi. Ukiona kimoja katika hivyo usijidanganye eti ni kidogo tu.

Kuna njia moja ya kulichukua hata kama limeingiliwa, nayo ni kununua fremu peke yake kwa bei ya fremu. Kama ndani ni mbao ngumu isiyolegea, unalivua nguo zote huko huko uwanjani, sponji na kitambaa usivilete nyumbani, kila kiungo unakimwagia maji yanayotokota, maana joto la nyuzi 50 na zaidi linawaua wao na mayai yao, kisha linakaa juani mpaka likauke sawasawa. Lakini piga hesabu mapema, muulize fundi wa makochi bei ya sponji nzito na kitambaa na kazi yake kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu mara nyingi hivyo vitatu vinazidi bei ya kochi lenyewe.

Mie ningekuwa wewe ningewacha kochi nikatafuta vile viti vya mbao vya kizamani vyenye mito ya kutoka, bibi zetu walikuwa navyo kila nyumba. Hapo hakuna maficho mengi, mto unatoka, foronya inafuliwa, mbao unaipangusa, unamaliza. Na foronya usinunue kitambaa kipya, enda soko la Kongowea kwenye mitumba ya mapazia, yale mazito ya ulaya yenye bitana. Pazia moja pana linatoa foronya kadhaa. Ila liinue juu ulitazame kwa mwanga, pazia limekaa dirishani miaka, upande mmoja jua linakuwa limeshalila, ukilivuta linachanika kama karatasi. Vuta kabla ya kulipa, muuzaji atanuna kidogo, atazoea. Ukifika nyumbani lichemshe kwanza.

Somo nisaidie nimeliwa. Nilinunua sufuria ya umeme ya kupikia wali, imeandikwa Kijapani, kwa muuzaji wa vitu vya kutoka nje, 1,200, mpya kabisa. Kuchomeka tu ikatoa moshi. Muuzaji anasema nimeharibu mimi. – Nimechoka, Changamwe

Pole dadangu, ukweli ni nusu kwa nusu. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu hapa ni 240, kwa hivyo ulipoichomeka ni kama mtu amezoea kubeba ndoo moja ukamtwika karibu mbili na nusu. Muuzaji alijua au alipaswa kujua. Kila kifaa kina kibandiko chini au nyuma (unaona mambo ya kugeuza?), ukisoma 100V peke yake kiwache, ukisoma 220–240V ni chetu, na kikiandikwa 100–240V kama chaja nyingi za simu hicho kinakubali kote. Plagi pia inasema, ya Kijapani ni vijino viwili bapa vyembamba, ya Uingereza ni vitatu vinene vya mstatili sawa na yetu. Watakwambia ununue kisanduku cha kupunguza umeme. Kwa redio sawa, kwa kitu cha kupika kisanduku chenyewe kinatakiwa kiwe kikubwa, kizito na ghali kuliko wali wote utakaoupika.

Na nyote mnaonunua friji, ikija imelazwa kwenye tuktuk, isimamishe, iwache masaa kadhaa ndio uiwashe. Na dai mwenyewe aiwashe kwake mpaka uone inaganda.

Nyanya alipofariki nilipewa sinia la shaba na mrashi wa kunyunyizia marashi, vimekuwa vyeusi kabisa. Mume wangu ataka kuvipiga msasa kwa mashine halafu avipulizie rangi ya dhahabu. Wasemaje? – Mjukuu, Mji wa Kale

Nasema mfiche hiyo mashine leo hii, kabla hajarudi kutoka kazini.

Yale maua na mistari iliyochorwa kwenye sinia ilipigwa kwa mkono, patasi na nyundo, msasa ukipita mara mbili imekwenda na hairudi. Chukua sumaku kwanza, hata ya mlango wa friji. Ikishika, chini ni chuma kilichopakwa shaba juu, basi pangusa tu kwa sabuni usikisugue. Isiposhika, loweka ukwaju kwa maji ya vuguvugu, tia chumvi kidogo, sugua na kitambaa laini au kumbi la nazi lililolainishwa, kwa duara, taratibu. Utaona maji yanakuwa meusi na chini yake panatoka rangi ile ile uliyoijua utotoni. Suuza upesi, usiuwache ukwaju ukakaukia juu, kausha pale pale, maana chumvi na hewa hii ya bahari ndivyo vilivyokitia weusi tangu mwanzo. Pembeni mwa maua wacha weusi kidogo, ndio unaoyafanya yaonekane.

Sinia ukiliweka juu ya miguu ya mbao ya kukunja ushapata meza ya kahawa. Mrashi sikufundishi, kuna Idi na kuna harusi.

Ile nusu sasa. Ni ujumbe wa simu, mstari mmoja, hauna salamu wala jina: "meza ya charahani ya kizamani ya chuma, charahani yenyewe haipo, nitupe?"

Usitupe! Kama ni ile ya kukanyaga, miguu ni chuma cha kusubu, haipindi wala haiyumbi. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka redi oksaidi, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, kwanza ishike, ikikauka ndio upake rangi ya mafuta, nyeusi ndiyo inaipendeza, usipake rangi ya maji ya ukutani, kwa hewa yetu kutu itatokeza tena kabla mwaka haujaisha. Juu weka ubao mmoja mzuri wenye upana wa kutosha, hata mlango wa zamani uliokatwa, utakuwa na meza ya kusomea watoto au ya kuwekea beseni la kunawia. Kile kikanyagio kifunge na waya kisiwabane watoto vidole.

Na kama bado huitaki niandikie uko mtaa gani. Bei tutaongea nikishafika, nikishaigeuza.