Nilimtengenezea mgeni ubao, kumbe alitaka ugali

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hapa Kigoma nilikabidhiwa barua ya Kiingereza ya mgeni aliyekuwa anakuja kuona sokwe wa Gombe. Aliomba "room and board" kwa wiki mbili. Chumba nilikipata siku hiyohiyo, Mwanga, karibu na soko. Hiyo "board" ikanipeleka kwa fundi seremala.

"Mzee wangu, nataka ubao wa kuandikia, futi nne kwa sita."

"Mgeni wako mwalimu?"

"Nadhani."

"Basi nitaupaka rangi nyeusi, na chini nikuwekee kibao cha kushikia chaki."

Treni iliingia usiku, imechelewa. Mgeni akafunguliwa chumba, akautazama ubao, akanitazama mimi, akauliza atakula wapi. Nikampa chaki. Aliyeniokoa ni mama lishe wa jirani, kwa ugali na migebuka iliyokuwa imebaki sufuriani.

"Room and board" ni kulala na kula. Nilikuwa nimelikariri neno hilo shuleni kwa maana moja tu, na tangu usiku ule nimeacha kukariri maana. Neno la Kiingereza likinijia na maana kumi, natafuta kwanza kitu kinachoshikika ambamo maana hizo zilitokea, kisha najiuliza ni akina nani waliokuwa wakikishika.

Hapa kitu chenyewe ni mbao. Katika Kiingereza cha kale "bord" ilikuwa ubao uliopasuliwa. Ukiuegesha juu ya miguu, tayari una meza, nayo meza ikaitwa hivyohivyo. Chakula kinacholetwa mezani kikabeba jina la meza. Anayelipa ili ale kwenye meza ya mwenzake ni "boarder", na ndiko ilikotoka "boarding school". Angalia hapo: sisi tunasema shule ya bweni, tumeipa jina la mahali pa kulala, Waingereza wameipa jina la mahali pa kula. Waliosoma bodingi pale Tabora waamue wenyewe lipi liliwagusa zaidi, kitanda au foleni ya uji. Wakubwa nao walikaa kwenye meza hiyohiyo kushauriana, wakaitwa "board", na leo tuna bodi ya shule na bodi ya wakurugenzi. Hata mcheza karata anayeweka mikono juu ya meza ili wenzake waione anasemwa yuko "above board", hana janja.

Upande wa majini nilikuja kuuelewa Kibirizi, nikimtazama fundi wa boti. Anaanza na mti wa chini, anasimamisha mataruma, yaani miti ya kushikilia mbao, kisha anapigilia ubao juu ya ubao mpaka ubavu unapanda kufika kiunoni mwake. Ukitaka kuingia, lazima uvuke ule ubavu. Kiingereza cha kale kiliuita ubavu wa chombo "bord" vilevile, ndiyo maana kupanda chombo ni "to board" na kutumbukia majini ni kwenda "overboard". MV Liemba ni chuma kitupu, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande na kuundwa upya hapahapa Kigoma. Haidhuru, aliyeipanda alisemwa yuko "on board". Ndege nayo haina ubao hata mmoja, lakini usipokuwa na "boarding pass" utabaki chini.

Mabaharia wa zamani walifunga kasia la usukani upande wa kulia wa chombo. Upande huo ukawa "starboard", yaani ubavu wa usukani. Wa kushoto uliitwa "larboard". Ukipigiwa kelele wakati wa dhoruba, utatofautisha vipi? Mwaka 1844 jeshi la majini la Uingereza likaamuru kushoto kuitwe "port". Ninachoshangaa ni kwamba walichelewa vile.

Madereva wa malori watapenda hii: dashibodi ilikuwa ubao wa mbele ya gari la farasi, wa kuzuia tope linalorushwa na kwato.

Usione Kiingereza ni lugha ya fujo. Seremala anapasua mbao, mwalimu anaandika ubaoni, wazee wa Ujiji wanacheza bao, timu inafunga bao, mtoto mtukutu anapigwa kibao, barabarani kuna kibao cha kuelekeza njia, na sokoni kuna watu kibao. Nani alikaa kukukaririsha hayo?

Njia hii ina mtego wake, lakini. Bodi ya shule ni "board". Bodi ya gari ni "body", neno jingine kabisa ambalo limevaa nguo ileile baada ya kufika kwetu. Kiingereza nacho kina mapacha wa bandia: "bark" ya mbwa ni kubweka, "bark" ya mti ni gome, wala hawana undugu. Ukiona unalazimisha hadithi ili maana mbili zikutane, acha. Na kama kuna hela ya kulipwa, muulize aliyeandika barua kabla hujaenda kwa fundi.

Ubao wangu ulikaa bure miezi kadhaa, mpaka yule mama lishe akaniomba. Ameutundika nje ya kibanda chake, na kila asubuhi anaandika kwa chaki: ugali migebuka, wali maharage, chai chapati.