Jiwe la 15 lilikosea wapi?

SWALI: Jambo Mwalimu. Ninashona nguo hapa Katindo, Goma. Miezi minne sasa ninajifunza Go, mchezo wa kuzingira eneo na mawe ya mwenzako, na jirani yangu, kwenye katoni tuliyoichora mistari 9 kwa 9. Mawe meusi tuliyaokota barabarani, yale ya volkano. Meupe ni maharage. Mimi huchukua meusi, ninaanza, na kila mara ninashindwa. Ninakutumia karatasi ya mchezo wa Jumapili. Karibu kila jiwe langu lilimtishia, lakini mwishoni eneo kubwa likawa lake. Nilikosea wapi? F., Katindo

JIBU: Jambo ndugu yangu. Mchezo wako nimeupanga upya mezani mara tatu, na mara ya tatu nilimwita mke wangu aje aone jiwe la 15.

Tuanze na la 1. Uliliweka katikati, E5 (herufi ni mstari wa wima, namba ni wa mlalo kuanzia chini), ukaandika kando yake "labda ni kosa". Si kosa. Kwenye ubao mkubwa wa 19 kwa 19 watu huanzia pembeni kwa sababu pembe huzungushwa kwa mawe machache: nafasi 9 za pembeni unazifunga kwa mawe 6, za ukingoni kwa 9, za katikati kwa 12. Ubao wenu ni mdogo, na E5 iko karibu na kila upande. Liache hapo.

La 7, A4, lilipotea bure. Mapema vile, mstari wa mwisho hauna cha kulinda.

Sasa la 15. Jiwe lake jeupe lilikuwa D2, nawe ulikwisha kulibana kwa C2 na E2. Lilibaki na pumzi mbili, yaani nafasi tupu zinazoligusa: D1 chini, D3 juu. Ukaweka D1. Ni atari kweli, kama Wajapani wanavyoliita jiwe lililobakiwa na pumzi moja. Lakini jirani alinyoosha hadi D3, akapata pumzi tatu, C3, E3 na D4, na mawe yako ya C2 na E2 yakatenganishwa.

Rudisha ubao hapo, uweke D3. Akikimbilia D1, wewe C1. Akienda E1, wewe F1, na maharage matatu unayaokota. Akiwa makini ataliacha lile moja life acheze kwingine, na hapo pia umefaidi.

Umewahi kumkimbiza mbuzi pale Kituku? Ukisimama upande wa maji, anashika barabara na humpati tena. Ulisimama upande wa maji, ndugu yangu. La 21 na la 23 yana ugonjwa uleule.

La 29 nimelipenda mno. Uliacha kumfukuza, ukaweka G4 kati ya G3 na G5, na upande ule hakupita tena. Ndilo jiwe pekee katika karatasi nzima ambapo uliyatazama mawe yako kwanza.

Jumapili ijayo msikusanye maharage haraka. Wajapani wakimaliza huupanga mchezo tena jiwe kwa jiwe, mshindi na mshindwa pamoja. Mkifika kwenye D2, muulize jirani aliogopa ungemjibu wapi, kisha uniandikie alivyosema.