Kuhusu lile swali lako la kazi na safari

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikua kwenye daladala nikaizima chap haha. Unasema Jumatatu unarudi kazini, wiki ya 8 tangu upasuaji wa kutengenezewa uke, na daktari wako huko Toronto bado anataka daileta, vile vijiti vya kuingiza ukeni njia isizibe, mara tatu kwa siku, sa ile ya mchana utaifanyia wapi, na mwezi wa 12 utakujaje kwenye harusi ya mdogo wako.

Mi daileta nazijua bwana. Baada ya mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi nesi alinipa seti ya daileta nne kwenye kimfuko, namba moja ndo ndogo kabisa, akasema usipotumia makovu yatabana njia. Nikatumia vizuri mpaka ule msiba wa bibi yako Tanga, nyumba imejaa wakwe, chumba kimoja tunalala wanawake sita, nikaona aibu nikaacha wiki tatu. Kurudi, namba tatu imegoma kabisa, nikakaa bafuni nalia, nikaanza upya na namba moja. Na mimi ilikua mara tatu kwa WIKI tu, we kidonda bado kibichi, mwili unataka kukiziba.

Kwaiyo chooni kazini hapana. Utalala wapi? Misuli ikikaza unaanza kulazimisha, damu hiyo. Omba barua ya daktari isemayo tu unahitaji chumba chenye funguo mchana kwa ajili ya matibabu, ni upasuaji gani hayawahusu. Wakigoma, muulize daktari kama unaweza kufanya alfajiri, ukirudi saa 11 jioni, na ya mwisho saa 4 usiku kabla hujalala. Mi naona hiyo ndo itakufaa, maana we mchana huna utulivu ata wa kula.

Mwezi wa 12 wengi wanakua wameshushwa mara mbili kwa siku, lakini fata karatasi ya daktari wako sio maneno yangu. Fanya moja kabla ya kwenda airport, nyingine ukifika tu, salamu zitasubiri. Daileta ziweke begi la mkononi, sanduku likipotea Addis utafanyaje, na jeli ya kulainishia chupa isizidi mililita 100, kubwa iende sandukuni. Iwe ya maji, kama daileta zako ni za silikoni jeli ya silikoni inaziharibu. Wakikagua toa barua, sema kifaa cha tiba, usianze kujieleza. Ndani ya ndege inuka utembee, damu isigande miguuni. Na kale kamto kako ka kukalia usikasahau.

Ukiruka siku ikabana, shuka namba ndogo, usishindane nayo. Homa au damu ya kulowesha pedi ndani ya saa moja, hiyo ni hospitali sio kunitumia voisi.

Chumba cha uani nimekutengea, fundi kaweka komeo jana, na mashuka nimenunua meusi maana ile jeli inaacha madoa balaa.

Mama